Macho ya Mwandamo

Salala, 20 Agosti 2014

Kaka Zahran,

Pokea salamu zangu kutoka ndani ya ukungu. Barua anakuletea Sulayim wa basi. Ukimkaribisha kahawa mpe na halua, maana safari iliyopita amenilalamikia kwamba ulimpa tende tupu.

Niko kibarazani. Khariifu, msimu wetu wa ukungu na manyunyu, imetua, mlima mzima umepotea, na ng'ombe wanatokea mmoja mmoja kana kwamba wanaumbwa papo hapo. Tangu tutoke Maskati naona rangi mpaka naona haya. Ile shela yangu ya kijani kumbe ni ya buluu. Nimeivaa miaka yote hiyo nikiiita ya kijani na hakuna aliyenisahihisha, hata wewe.

Unakumbuka tulivyolazwa vyumba vinavyotazamana, kila mmoja kazibwa jicho, tunaitana kama watoto? Daktari Ibtihal alipotutoa mtoto wa jicho, hapohapo alitupachika kile kijibomba, kidogo kuliko punje ya ufuta, ili maji ya ndani ya jicho yapate pa kutokea na presha ishuke. Ukamwambia, "Basi umenichimbia falaji, mfereji kama wa mitende yangu." Akacheka, akasema ndiyo, na kila falaji ina mtu wa kuikagua. Alitaka turudi kila miezi sita, maisha yetu yote. Alisema ugonjwa huu wa presha hauumi, unakula uoni kuanzia pembeni kimyakimya, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Baba alikufa akipapasa kuta, kaka. Ulikumbuke hilo ukianza kujiona kijana.

Huku hatutauona mwezi mpaka Septemba, anga yote ni maziwa. Nautegemea wako. Niandikie ulivyouona.

Mdogo wako,
Rayya binti Muhanna

&nbsp;

Izki, 1 Mfungo Nne 1436

Rayya mdogo wangu,

Halua amekula, na nyingine kaifunga kwenye karatasi akaondoka nayo. Mwambie asinisemee tena kwa watu.

Mwezi umeandama jana magharibi. Tulikuwa watano kule kilimani, mimi na Thuwaini na wenzetu wa mtaa wa juu. Unamjua Thuwaini, ananipita kwa ujana na kwa maneno. Nimeuona kabla yake. Ulikuwa umelala chali, mwembamba, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ukaja, ukapotea, ukarudi. Nilitaka kulia, nikakohoa badala yake. Misimu mitatu nilikuwa nashuka kilima kile kimya, natazama wenzangu wakinyoosha vidole kwenye kitu nisichokiona.

Hapa watu wanangoja neno langu kama walivyongoja la baba. Kadhi anauliza swali moja tu: Zahran kauona? Akiambiwa kauona, anapiga simu Maskati bila kuuliza la pili. Mimi si tajiri wala si mwanachuoni. Nina mitende yangu, nina Azza na binti yangu Ghaliya, na nina neno hilo. Nikiondolewa neno hilo sijui nitakuwa nani hapa mjini.

Kwa Daktari Ibtihal nimerudi mara moja. Presha nzuri, matone hakuna. Naona inatosha. Kila mwisho wa mwezi napimwa kilimani, na kipimo kile hakina foleni. Mtu anayeuona mwandamo ana ugonjwa gani wa macho?

Kaka yako,
Zahran bin Muhanna

&nbsp;

Salala, 11 Septemba 2021

Kaka Zahran,

Miaka saba sasa, na katika barua zako zote nimesoma habari za mitende, za posa za Ghaliya, za mbuzi wa Thuwaini. Hospitali hata neno moja. Nikikuuliza unanijibu mwezi.

Nakupa habari zangu ili nawe unipe zako. Nimetoka Maskati wiki iliyopita. Jicho la kulia bado liko vizuri, kijibomba kinafanya kazi yake na sitii kitu. La kushoto presha imeanza kupanda. Daktari Ibtihal amenirudishia matone, tone moja kila ninapokwenda kulala. Nilihuzunika, nikamuuliza nimekosea nini. Akasema hujakosea chochote. Wengine kijibomba kinawafaa miaka mingi, wengine mwili unapona kukizunguka na njia inakuwa nyembamba, na huwezi kujua wewe ni yupi mpaka upimwe. Mtu mmoja, macho mawili, siku moja ya upasuaji, na angalia tofauti. Sasa wewe na mimi je?

Jana nimeota tuko watoto, tunaelea kwenye falaji chini ya mitende, maji yanatubeba wala hatuogopi. Nilikuwa nakuona wewe tu. Kila nikigeuza kichwa, kingo hazipo, kuna weupe. Nimeamka nikawasha taa nikahesabu pembe za chumba.

Nenda ukapimwe. Nakuomba kama mdogo wako.

Rayya

&nbsp;

Izki, 6 Mfungo Sita 1443

Mwalimu Rayya,

Pole na jicho la kushoto. Umelichosha kwa vitabu. Miaka thelathini ya kusahihisha madaftari, kijibomba gani kingevumilia? Langu halina kazi ila mitende na mbingu, ndiyo maana ni zima.

Mwezi huu tena nimemtangulia Thuwaini kuuona. Amenuna mpaka leo. Alisema labda Daktari Ibtihal kanitia darubini, nikamwambia aende naye akatiwe, kama anayo fedha na kama ana subira.

Hapa wote wazima, isipokuwa Azza ameingiwa na tabia ya kuhamisha vitu. Ndoo inakaa njiani, mtungi unakaa njiani, jana birika la kahawa liko ukingoni mwa mkeka na mimi ndiye ninayelaumiwa. Na yule mbuzi wa Thuwaini ananijia ubavuni bila hodi. Juzi kaniangusha. Nimemwambia Thuwaini amfunge au nimle.

Usiote ndoto za kunitisha.

Zahran

&nbsp;

Salala, 2 Julai 2023

Kaka Zahran,

Nimezipanga barua zako kitandani, za zamani hadi ya juzi. Ulikuwa na mwandiko ulionyooka kuliko wangu, na mwalimu ni mimi. Sasa mstari wa pili unapanda juu ya wa kwanza. Kwenye barua ya juzi umeandika jina la Ghaliya juu ya neno jingine, mpaka leo sijui Ghaliya kafanya nini. Huoni unapokwenda mkono wako.

Sigombani nawe. Nataka ufanye jambo moja. Mwezi ukiandama, simama uani uutazame, usiuache. Ghaliya asimame ubavuni mwako na kitambaa cheupe, akilete mbele polepole. Ukikiona, mwambie asimame. Halafu uniandikie alikuwa amefikia wapi. Mimi hufanyiwa hivyo na mume wangu, na kitambaa hukiona kikiwa bado usawa wa sikio.

Khariifu imeanza. Ukungu umefika mpaka dirishani, nikinyoosha mkono nje siuoni. Nafikiri ndivyo ilivyo kwako, ila wewe una mwezi katikati na umekushughulisha.

Rayya

&nbsp;

Izki, 2 Mfungo Nne 1445

Rayya,

Nimefanya ulivyotaka. Kitambaa nimekiona mapema sana. Ghaliya ni shahidi. Mwezi ulikuwa mzuri. Sasa niache nipumzike.

Zahran

&nbsp;

Izki, 7 Agosti 2024

Shangazi Rayya,

Mimi Ghaliya. Baba hajui kama naandika, na Sulayim nimemwapisha.

Baba ameanguka. Yuko hai, usishtuke, mkono wa kushoto umevunjika na uso umechubuka upande mmoja. Walikwenda kutazama mwandamo, na shangazi, aliuona wa kwanza. Thuwaini mwenyewe kasema. Wengine wote walikuwa bado wanapepesa macho, Baba akanyoosha kidole. Wakafurahi, wakaanza kushuka. Njia ile anaishuka tangu utoto wake. Mahali pale panapopinda, yeye hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, anasimulia kitu huku anacheka, akaweka mguu mahali ambapo hapana kitu.

Mjini wanasema ni kijicho. Wanasema macho makali namna ile lazima yahusudiwe. Mama amefukiza ubani nyumba nzima mpaka paka amehama. Majirani wanakuja kumpa pole, na kila mmoja anasema, "Lakini mwezi kauona," na Baba anaitikia, "Nimeuona." Hakuna anayeuliza vipi mtu aone mwezi asione ukingo wa njia. Nami nimenyamaza pamoja nao, na nimechoka.

Jambo jingine. Kile kitambaa cha mwaka jana. Nilikileta polepole kama ulivyosema. Kilipita sikio, kikapita shavu, kilikuwa karibu na pua yake ndipo aliposema naam. Nilianza kulia. Akaniambia, "Mwandikie kwamba nimekiona mapema." Nikakataa kuandika, akaandika mwenyewe. Shangazi, Baba watu wote wanamwamini kwa sababu hajawahi kusema ameona kitu asichokiona. Hii ndiyo mara ya kwanza, na kakwambia wewe.

Fanya utakalofanya.

Ghaliya

&nbsp;

Salala, 10 Agosti 2024

Kaka Zahran,

Barua hii inanitangulia kwa siku mbili tu. Nimeomba kiti cha mbele kwenye basi la Sulayim. Nguo zako ziwe tayari, tunakwenda Maskati, na daktari nimekwisha kumpigia simu.

Usimgombeze Ghaliya kwa kuniandikia. Ukitaka kugombana, nangoja nigombwe mimi, nina hasira za kututosha sote wawili. Nimeisoma barua yake dukani, nikalia njia yote mpaka nyumbani na watu wamedhani nimefiwa. Kuniambia uongo hakujaniuma sana. Ulikuwa peke yako ndani ya ukungu wako na ulitaka nisijue, hilo ndilo lililoniuma.

Rayya

&nbsp;

Izki, 12 Mfungo Nane 1446

Rayya mdogo wangu,

Umeondoka na nyumba imekuwa kimya. Azza anasema umemfundisha kupika wali wa nazi na sasa hatuli kingine.

Barua hii naiandika na rula. Naiweka chini ya mstari, naandika, naishusha. Daktari Ibtihal ndiye aliyenifundisha. Umeona alivyoota mvi? Nilitaka kumtania, nikakumbuka ni miaka kumi ile niliyokataa kwenda, nikaacha.

Kuna jambo sikukwambia tulipokuwa pamoja, kwa sababu ulikuwa umekaa nje. Ile mashine ya taa, lile bakuli jeupe unaloingiza uso. Unatazama katikati na kila ukiona nuru pembeni unabonyeza. Niliingia nikiwa sina wasiwasi. Nilijiambia, kazi ya kungoja nuru ndogo kwenye weupe ndiyo kazi yangu tangu nizaliwe. Nikangoja. Ikaja moja katikati, nikabonyeza. Nikangoja sana. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, mashine yako imezimika." Akanijibu kwa upole mkubwa, "Hapana babu, inawaka."

Sijawahi kuogopa kama pale. Hata kaburini kwa baba.

Mengine ulisikia mwenyewe. Kijibomba cha kulia kiko palepale, kinang'aa, ila njia imejifunga, na pengine imejifunga siku nyingi. Cha kushoto kinafanya kazi nusunusu. Kulia amenifungulia njia nyingine kubwa zaidi, kushoto natia matone asubuhi na jioni. Presha imeshuka. Alisema kilichobaki tutakilinda, na kilichobaki ni duara la katikati tu, kama mtu anayetazama ndani ya bangili. Hakusema ningekuja mapema ingekuwaje. Namshukuru kwa hilo, ingawa usiku na mchana nalisikia.

Sasa nishauri. Mjini hawajui. Wanadhani nilitibiwa mkono. Mwezi bado naweza kuuona, Rayya, nikiupata. Taabu ni kuupata, mbingu ni pana na bangili ni ndogo. Thuwaini nimemwambia, ni yeye peke yake. Nilidhani atafurahi. Akasema atasimama nami bega kwa bega na kuninong'oneza, kulia kidogo, chini kidogo, na hakuna atakayejua. Mwezi wenyewe utakuwepo, anasema, nani atakuwa amedhulumiwa?

Ramadhani inakaribia. Kadhi ameshaniulizia hali.

Zahran

&nbsp;

Salala, 9 Desemba 2024

Kaka yangu,

Unajua nilivyo. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba jibu la kunong'onezwa si jibu, na nikawapiga rula kwa hilo. Ungeniuliza wakati ule tukiwa vijana ningekujibu kabla hujamaliza swali.

Leo nakwambia, mkubalie Thuwaini. Ndiyo, mimi. Nimeona ulivyokuwa ukitembea ndani ya nyumba yako mwenyewe ukigusa milango kwa vidole, kama baba. Umepoteza vya kutosha, na neno lako hilo moja sitaki likutoke. Kama ni dhambi, andika na jina langu.

Macho yangu mazuri. Daktari amenipima tena, la kushoto limetulia kwa tone lake moja, la kulia bado halihitaji kitu. Naona haya kukwambia. Nakaa kibarazani natazama bustani yote kwa mara moja, mgomba huku, ukuta kule, na nafikiri haya yote yalipaswa kuwa yako pia.

Tia matone.

Rayya

&nbsp;

Izki, 1 Ramadhani 1446

Rayya,

Nimefuturu, nimeswali, nimetia matone. Ghaliya kaniwekea rula. Nitakuandikia yote kama yalivyokuwa.

Jana alasiri walinipandisha, mimi na Ghaliya, kwa gari la mpwa wa Thuwaini, kwa njia ya nyuma. Kilima kilikuwa kimejaa watu, maana hewa ilikuwa safi na kila mtu alitaka kuwa na habari ya kuwapelekea watoto. Wakanipisha mbele kama siku zote. Thuwaini akasimama kulia kwangu, bega lake likanigusa. Mjumbe wa kadhi alikuwa nyuma yetu na simu mkononi.

Jua likazama. Ile saa ninayoipenda ikaingia, mbingu haina rangi yoyote na ina rangi zote, na watu wote wanapumua polepole. Nilikuwa na furaha, Rayya, wala sikutazamia. Ilikuwa kama usingizi wa mtoto. Kisha nikasikia mtu mmoja anavuta pumzi, na wa pili, na kila mahali vidole vikapanda. Sikuviona vidole, nilisikia kanzu zikichakarika. Thuwaini akaninong'oneza, "Kulia, chini ya ile nyota kubwa." Nikaenda kulia. Nyota sikuipata. "Chini kidogo, Zahran." Nikaenda chini. Weupe tu.

Mjumbe akauliza, kama walivyouliza tangu enzi ya baba, "Zahran bin Muhanna, umeuona?"

Nilikuwa na ruhusa yako mfukoni. Nilikuwa na bega la Thuwaini. Mwezi ulikuwepo, watu wote wanauona, na ndiyo yangu isingemfungisha mtu siku isiyo yake. Neno lenyewe lilishafika ulimini.

Nikasema, "Sijauona. Waulizeni wenzangu."

Hakunisikia, au alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Nikasema kwa sauti, ili na walio nyuma wasikie, "Macho yangu yana ugonjwa wa siku nyingi, nami nilikataa kuutazama. Sijauona. Thuwaini kauona, mchukueni yeye."

Sijui nyuso zao zilikuwaje, na nilishukuru kutozijua. Thuwaini akatoa ushahidi, sauti inamtetemeka kama bwana harusi. Mjumbe akapiga simu. Watu wakaanza kupongezana na kushuka, kila mmoja ana haraka ya nyumbani kwake, na wawili wakaja wakanishika bega. Mmoja, simjui, akaniuliza jina la daktari, kwa ajili ya mama yake ambaye anajigonga milangoni.

Nikabaki na Ghaliya. Nilimwomba anyamaze. Nikafanya alivyonifundisha Daktari Ibtihal, nikaanza pale mlima unapoishia, nikapeleka macho polepole kutoka upande hadi upande, nikapanda kidogo, nikarudi, kama mtu anayefagia ua. Sikuwa na haraka, hakuna aliyekuwa akiningoja.

Nikauona.

Ulikuwa mdogo, umelala chali, umejaa wote ndani ya bangili yangu, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Maisha yangu yote nilikuwa nikiuona nageuka papo hapo kuwaambia watu. Sijui kama niliwahi kuutazama. Jana nimeutazama mpaka ukazama.

Zahran bin Muhanna